Mafuta Yaliyoganda Kati ya Vane Mbili

Sifa ni kwa Mungu, anayehesabu pumzi zetu na asiyechoka kutungoja. Amenifikisha uzeeni nikiwa na macho ya kusomea na mkono wa kuandikia, na alinitoa mahali ambapo wengi waliokuwa bora kuliko mimi walibaki. Kwake nasema asante kabla sijaanza.

Vijana wa shule ya ufundi hapa Bunia wameniomba niwaandikie jinsi tulivyoitunza mifereji ya mafuta zamani, isizibe, na jinsi tulivyoizibua ilipoziba. Ningependa kuandika kazi tu. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kwenye siku moja ya vita ambayo mpaka leo sijaizoea. Basi nitaiandika mahali pake.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Muanda, kule pwani ya magharibi, mafuta yanakotolewa chini ya ardhi na chini ya bahari. Mimi nilizaliwa Nizi, huku Ituri, baba yangu alichimba dhahabu, nami nilidhani bomba ni kitu cha kupitisha maji. Msimamizi wetu, ambaye sote tulimwita Kontremetre, alikuwa mtu wa Katanga, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili. Aliniletea kipande cha bomba kilichotolewa kisimani asubuhi ile, akaniambia nitie mkono ndani.

Mkono haukuingia. Nilijaribu vidole viwili, havikuingia. Chuma kwa nje kilikuwa kinene kama paja, lakini ndani kulijaa kitu cheusi kigumu, tabaka juu ya tabaka, na katikati palibaki tundu la kidole cha mwisho tu. Nikauliza nani ametia lami humo.

“Hakuna mutu ametia,” Kontremetre akasema. “Mafuta yenyewe njo inajifungia mulango.”

Nilisimama na kile kipande mkononi nikiwa nimeshtuka kabisa. Nilikuwa nimekuja kwenye kazi ambayo adui yake hatoki nje.

Kitu kile kinaitwa parafini, na ni ndugu wa nta ya mshumaa. Chini sana ardhini kuna joto, na parafini huwa imeyeyuka ndani ya mafuta kama sukari ndani ya chai. Mafuta yakipanda, yanapoa. Yakipoa, parafini inajitenga na kushika ukuta wa bomba, leo unene wa karatasi, kesho unene wa ganda la chungwa. Asiyeangalia anashangaa siku moja kisima kimenyamaza.

Njia za kuzuia zilikuwa chache, na nyingine zinatumika bado. Ya kwanza ni kulinda joto: bomba lifunikwe vizuri na mafuta yasisimame njiani. Ya pili ni dawa, tone kwa tone, inayoizuia parafini isishikane. Ya tatu ni kukwangua. Kisimani tulishusha kikwangulio cha chuma kwa waya, tukikipandisha na kukishusha, na kila kikipanda tulikifuta kwa vitambaa. Kwenye mabomba marefu ya juu ya ardhi tulitia pistoni ya mpira, yaani kizibo kinachobana ukuta, na mafuta yenyewe yakaisukuma huku ikikwangua. Mtu mmoja alitembea juu ya bomba na nyundo ndogo, akigonga na kusikiliza ipo wapi. Bomba lililo wazi linalia. Lililoziba linajibu kama ukuta. Nilikuwa na sikio zuri, basi nyundo ikawa yangu.

Parafini iliyotolewa hatukuitupa yote. Tuliiyeyusha, tukaichuja kwa gunia, tukatia utambi. Ilitoa moshi, lakini kanisa letu la kambini liliimba mbele ya mishumaa hiyo miaka mingi.

Kontremetre alinifundisha sheria mbili ambazo aliniuliza kila Jumatatu kama katekisimu. Moja: ukizibua bomba kwa moto, anza kwenye mdomo ulio wazi, usianze katikati kamwe, maana kilichoyeyuka katikati kinatanuka na hakina njia ya kutokea. Ya pili: kukitokea hatari yoyote, kwanza funga vane za pande mbili. Vane ni ile koki kubwa ya gurudumu. Kule Muanda mafuta yalitoka na gesi, na bomba lililoachwa wazi lingeweza kuchoma kambi nzima. Shefu wa shantie, mkubwa wa Kontremetre, alikuwa mfupi wa maneno. Akikuona unakimbia bila kufunga alikuambia tu, “Weye uende kuuzisha samaki.” Jioni hiyo unafungasha mizigo.

Nilifunga vane kwa miaka mingi hata mikono ikajifungia yenyewe. Hili mlikumbuke, maana ni kosa langu.

Kampuni ilipopunguza watu nilirudi Ituri. Mke wangu alifurahi, mimi nilihisi nimeshuka daraja, Mungu anisamehe. Nilipata kazi Bunia katika kiwanda cha sabuni kilichopika mawese. Mkurugenzi aliponiuliza ninachojua, nikamweleza bahari, visima na pistoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kuona bomba lake. Lilikuwa moja, lenye hatua kama sabini, likitoka kwenye tanki refu la mawese upande wa chini wa uwanja mpaka kwenye sufuria kubwa ya kupikia. Kandokando yake ulipita mrija mdogo wa mvuke uliofungwa nalo pamoja ili kulipasha joto. Bunia iko juu, na asubuhi zake ni baridi. Mawese yakipoa huganda kama siagi, na bomba lililojaa mawese yaliyoganda halina tofauti na lile la siku yangu ya kwanza, ila rangi.

Mvuke ulitoka kwenye shodieri, tanuru la maji, na mtunzaji wake alikuwa Zakaria, mtu wa upande wa Fataki. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo na utani mwingi. Hakuwahi kusoma shule ya ufundi. Asubuhi ya kwanza aliniona nikifunga vane ya tanki na vane ya sufuria, moja baada ya nyingine, kabla ya kukagua chochote.

“Papa Muanda,” akasema, na jina hilo likanishika, “unafunga sawa mulango ya gereza. Hapa hakuna gazi. Mawese itakukimbilia wapi?”

Kisha akanionyesha robine, koki ndogo ya kumwagia, mahali bomba lilipoinama zaidi. Alieleza kwamba kiwanda kikisimama, wanafunga vane ya tanki peke yake, wanafungua ile robine, mafuta yote yanashuka kwenye pipa, halafu anapuliza mvuke mpaka bomba linalia tupu.

“Huku kwetu mafuta inalalaka mbele ya batoto,” alisema, maana yake yanaganda kabla hata watoto hawajalala. “Kwanza mwanga, njo ufunge.” Yaani nimwage kwanza, ndipo nifunge.

Nilimwambia asante, baba. Moyoni nilisema: huyu ni mtu wa kuni. Tulifanya hivyo kila jioni kwa kuwa ndiyo desturi ya kiwanda, lakini mimi nilikuwa nikisimama tu, na robine aliifungua yeye.

Tulikula pamoja. Aliniletea mihogo ya shamba la mke wake, mimi nikampa mishumaa miwili ya mwisho niliyotoka nayo Muanda, akacheka kwamba inanuka kama gari bovu.

Kisha vita. Sitaandika majina ya makabila. Mtu wa Ituri anayesoma anajua, na asiyejua atafahamu bila majina. Mji ulipita mikononi mwa hawa, ukarudi kwa wale. Kilichonishtua zaidi mwanzoni hakikuwa bunduki. Ni watu niliokula nao kuanza kuhamisha sahani zao. Asubuhi moja msimamizi akiita majina, jina likaitwa, kukawa kimya, akaita linalofuata. Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza. Mkurugenzi akaondoka kwa ndege akisema atarudi wiki ijayo. Zakaria alibaki upande ambao watu wake hawakuwa tena na usalama, kwa sababu shodieri haina likizo, na kwa sababu barabara ya kwao ilikuwa imefungwa. Mke wake na watoto walikuwa wametangulia.

Risasi zilianza saa nne asubuhi, sufuria ikichemka. Watu walikimbia kuelekea lango. Mimi nilikimbilia vane. Nilifunga ya sufuria, nikashuka mbio mpaka tanki, nikashika gurudumu. Nyuma yangu Zakaria, akizima moto wake, aliniita.

“Papa! Achilia mafuta itoke kwanza! Fungua robine!”

Nilimsikia. Ndugu msomaji, kulikuwa na kelele nyingi, na kwa siku nyingi baadaye nilijisemea kwamba pengine sikusikia. Nilimsikia vizuri. Nikamaliza kuzungusha gurudumu, nikaondoka.

Tulikaa siku tisa katika uwanja wa kanisa, mimi, mke wangu na mamia ya watu, chini ya mvua na baridi. Tuliomba kwa zamu. Siku ya kumi, asubuhi, vijana wawili wenye bunduki walikuja wakiuliza muzee wa mabomba. Mke wangu alinishika koti, nami nikamwondoa vidole kimoja kimoja.

Kiwandani nilimkuta mkubwa wao, Komanda, ameketi kwenye kiti cha Mkurugenzi, uwanjani. Hakuwa mlevi wala mwenye kelele. Alinieleza kwa utulivu kwamba anataka king'ora cha kiwanda kilie na sabuni ionekane sokoni, watu wajue mji umetulia. Zakaria walimkuta amejificha nyuma ya shodieri, wakamwacha hai kwa kuwa ndiye aliyejua kuiwasha. Tangu jana ameiwasha chini ya bunduki, bila kuruhusiwa kusogea mbali nayo, tanki limepata joto, lakini kwenye sufuria halikufika hata tone moja.

“Bananiambia huyu mutu alimwanga simenti mu bomba,” Komanda akasema. “Weye njo fundi. Mbele ya jua kushuka, unionyeshe. Kama iko simenti, anabaki hapa. Kama hakuna, anaenda.”

Alisema “anabaki hapa” akitazama ardhi ya uwanja, na nikaelewa.

Zakaria alikuwa ameketi karibu na ukuta. Alikuwa amekonda kwa siku tisa kama kwa miezi. Nilitembea kwenye bomba na nyundo, nikagonga. Kutoka sufuria mpaka tanki lilijibu kama ukuta. Nikafika kwenye vane ya chini, nikaona imefungwa, nikapandisha macho, nikaona ya juu imefungwa. Hapo tu ndipo nilipojua. Hakukuwa na simenti. Kulikuwa na mikono yangu. Nilikuwa nimefungia mawese yote ndani, yakaganda kwa siku tisa za baridi, na mtu alikuwa anakwenda kufa kwa ajili yake.

Komanda alikuwa amenifuata. Aliuliza nani alifunga zile vane mbili.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimefundisha somo la Petro na yule jogoo mara nyingi mbele ya watoto wa kanisa, nikimlaumu Petro kwa sauti kubwa. Nikakifumba tena.

“Ni miye nilifunga, afande,” Zakaria akasema kutoka ukutani. “Lakini simenti, hapana.”

Wakamfunga mikono papo hapo. Hakunitazama. Nami, mzee wa kanisa, niliinama nikaanza kufungua boliti.

Nisimulie kazi sasa, kwa sababu niliikimbilia. Niliachanisha bomba na sufuria ili liwe na mdomo wazi. Nikafungua robine ya chini, haikutoa kitu. Mmoja wa wale vijana akaleta tairi, akataka kuliwasha chini ya bomba katikati ili tumalize haraka. Nilimwambia bomba hilo ni chungu kilichofungwa kifuniko kwa waya. Akiwasha hapo, mafuta ya moto yatamrukia usoni. Akamtazama Komanda, Komanda akamwambia aondoe tairi. Nikaufungua mrija wa mvuke, nikafunika bomba kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya moto, kuanzia mdomoni, hatua kwa hatua kurudi nyuma. Mawese yakaanza kudondoka kwenye beseni, mekundu na safi. Nilikwenda hatua kama ishirini hivyo, nikijipa moyo kwamba nikimaliza hakuna atakayehitaji kuulizwa lolote.

Kisha mvuke ukalegea. Nilimweka kijana wa tairi kwenye shodieri, nikamwelekeza. Alitia kuni nyingi mno, moto ukajaa moshi, sindano ya presha ikashuka. Nikaenda mwenyewe. Mimi ni mtu wa mabomba. Shodieri ile kuukuu ilikuwa na tabia zake, na tabia hizo alizijua mtu mmoja. Sindano iliendelea kushuka. Nyuma yangu mawese niliyoyalainisha yalikuwa yanaanza kuganda tena. Jua lilikuwa limepita upande wa pili wa paa.

Nikaenda kwa Komanda, nikamwomba amfungue Zakaria mikono.

“Mutu alifunga bomba,” akasema, “nimupe tena moto?”

Hapo palikuwa mwisho wa njia. Nilimwambia, “Hakufunga yeye. Nilifunga mimi. Zote mbili. Siku ile ya risasi.” Nikaona bado haitoshi, maana ukweli uliokatwa nusu ni uongo uliovaa vizuri. Nikaendelea: “Aliniita niyamwage mafuta kwanza. Nilimsikia. Sikumfuata, kwa sababu mimi nimetoka Muanda na yeye ni mtu wa kuni.”

Kijana mmoja alishusha bunduki kutoka begani. Komanda alinitazama, akamtazama Zakaria, akarudi kwangu, na nikaona kwamba yeye pia ameshtuka.

“Kumbe munagombania kufa?” akauliza. “Batu bengine hapa banasukumiana. Ninyi munagombania.”

Akaamuru tufanye kazi wote wawili, na kama ni simenti, tubaki wote wawili.

Zakaria alisugua mikono, akaenda kwenye shodieri, akatoa kuni zote za yule kijana akizilaani polepole kwa lugha ya kwao, akazipanga upya tatu tatu. Sindano ikapanda. Nikapita karibu naye kuchukua gunia. Nikamuuliza kwa nini alisema ni yeye.

“Kama bangekufunga weye,” akasema, “nani angefungua bomba? Miye najua moto tu.” Kisha, bila kucheka: “Lakini ulichelewa, Papa Muanda.”

Nilichelewa. Ndiyo.

Tulifika karibu na tanki jua likiwa juu ya miti. Nilifungua vane ya chini, uzito wa mafuta yaliyopata joto ndani ya tanki ukasukuma, na kipande cha mwisho kilichokuwa kimelainika ubavuni kikaanza kuteleza. Tulikisikia kikipita ndani ya chuma kama mtu anayeburuta gunia. Kikatoka mdomoni kizima, cha manjano, kirefu kama mkono, kikaanguka kwenye beseni, na nyuma yake mawese yakaja kwa nguvu yakanilowesha mpaka magotini.

Komanda akakiokota. Akatoa kisu, akakikata vipande kama mkate, akavivunja kimoja kimoja kwa vidole akitafuta simenti. Alitafuta muda mrefu. Kisha akafuta mikono kwenye suruali yake, akamwambia Zakaria aende kabla hajabadilisha mawazo.

Niliomba nimsindikize mpaka kizuizi cha mwisho, nikaruhusiwa. Njiani nilimwomba msamaha. Alisema tutaongea siku nyingine, sasa atembee. Akatembea, na sikujua kama atafika.

Nilirudi kwenye uwanja wa kanisa nikalala siku mbili. Niliposimama mbele ya watu nikawaambia niliyoyafanya, kwanza kunyamaza, halafu kusema. Wengine hawakupenda kwamba nimemwokoa mtu wa upande ule. Mzee mwenzangu mmoja hakunipa mkono mwaka mzima. Mke wangu alisema tu, “Mungu alikungoja.” Na kweli, alingoja tangu asubuhi mpaka alasiri, na kama sindano isingeshuka, sijui angengoja mpaka lini.

Vita vilipotulia kiwanda kilifunguliwa tena chini ya Mkurugenzi mwingine, nami nikapewa mabomba na shodieri vyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Miaka miwili baadaye, alasiri, tukiwa tumemaliza kazi, mtu mrefu aliingia langoni. Hakunisalimu. Alipita mbele yangu, akashuka uwanjani mpaka mahali bomba linapoinama, akachuchumaa, akafungua robine.

Halikutoka hata tone. Akaifunga, akagonga bomba kwa kidole, likalia.

“Sasa,” akasema, “habari, Papa.”

Tulifanya kazi pamoja tena mpaka tulipopumzishwa, mimi nikatangulia, yeye akafuata. Niliwafundisha vijana wengi, na kila mmoja aliniuliza kwa nini sheria zangu ni tatu na vitabu vina mbili. Sasa mnajua ya tatu iliongezwa na nani. Teknolojia itabadilika, dawa zitakuwa bora, lakini mtakutana na mtu asiye na cheti ambaye ameishi na mashine moja miaka ishirini. Akikuita, simamisha mkono wako, hata kama mkono huo umefundishwa na bahari.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu alinde nyumba yako na wanaoingia ndani yake kutoka kila upande. Akupe ujasiri wa kusema mapema kuliko mimi, na ukichelewa, akungoje. Amina.